Mtandao wa Wageni

Jumanne moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkunga alikuwa ameshampaka mteja wake jeli tumboni na kuanza kusikiliza moyo wa mtoto, aliposikia mapigo yale yale yakitoka sebuleni, kwenye televisheni ya mama mkwe wake. Aliinua kipimo. Sebuleni pakawa kimya. Akakirudisha. Sebuleni yakaanza tena, mbio mbio, kama mtu anayepanda ngazi na viatu vya mpira.

"Huyu ana haraka!" mama mkwe aliita kutoka kwenye kiti chake. "Wa kiume huyu. Mwambie mama yake apunguze ngazi."

Mteja, karani wa posta mwenye mimba ya wiki kumi na nane, aliuliza kama yule ni daktari. Mkunga alimjibu kwamba ni mama mkwe, na akamwomba ageukie upande wa kushoto.

Mambo hayo yalikuwa na miezi mitatu. Kliniki ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba, kimoja cha kungojea na kimoja cha kupimia, na mlango wa mbao uliotenganisha kazi na familia. Mkunga alikuwa amenunua mashine mpya isiyo na waya, inayotuma mapigo hewani hadi kwenye kompyuta ya mezani. Lakini nyumba nzima ilikuwa na mtandao mmoja, wenye jina moja na neno la siri moja, na mapigo yakishaingia hewani yalikuwa hayana mwenyewe. Yalikwenda yalikotaka. Siku nyingine yalitoka kwenye friji. Siku nyingine yalitoka kwenye kompyuta ya mumewe, mwalimu wa jiografia aliyefundisha akiwa chumbani, na wanafunzi wake arobaini wakachora mito na milima huku wakiwasikiliza mapacha wa watu. Mwalimu alilalamika mara moja tu, kwamba mapacha wanamfanya aongee haraka, kisha akazoea.

Hakuna aliyestaajabu. Moyo kupiga si jambo la kumshangaza mtu. Tatizo lilikuwa maandishi, kwa sababu mapigo yalikuja na jina la mama, wiki za mimba na tarehe ya kujifungua, yakapita chini ya televisheni kama majina ya wachezaji. Na mbele ya televisheni, kila asubuhi, aliketi wifi yake.

Wifi huyo, dada wa Mwalimu, alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mdomo wake, kwa maneno ya kaka yake mwenyewe, ulikuwa chungu kisicho na kifuniko. Hakuwa na ubaya. Alifurahia watoto wa watu, na furaha haikai kwa mtu mmoja. Alimaliza chai, akavuka barabara, na kufikia saa nne habari ilikuwa imeota miguu. Ndivyo mke wa muuza matairi alivyopongezwa na mumewe kabla hajamwambia. Ndivyo msichana wa benki, ambaye alikuwa bado kwenye muda wa majaribio, alivyokuta barua ya kuachishwa kazi mezani kwake mimba ikiwa haijatimiza wiki kumi. Msichana huyo hakurudi kliniki. Aliandika malalamiko, kurasa mbili, mwandiko mzuri.

Mkaguzi wa ofisi ya afya alikuja siku ya Alhamisi. Aliketi sebuleni karibu na mama mkwe, akasikiliza mioyo mitatu mmoja baada ya mwingine, akakataa kikombe cha pili cha chai, akaandika.

"Mashine ni nzuri," alimwambia mkunga. "Mikono yako ni misafi. Ila hewa yako, Mama, ni chafu. Wagonjwa na familia wako kwenye hewa moja. Tafuta ruta inayobeba mitandao zaidi ya mmoja, na kila mtandao uwe na ukuta wake. Nakupa siku kumi na nne. Zikipita, ule mlango wa mbele naufunga."

"Nitatafuta, mheshimiwa."

"Na usiniletee ya majina mawili, mlango mmoja. Nitajua."

Tangu siku hiyo mkunga alianza kujipima. Akiwa anangojea maji yachemke, au anasimama mlangoni, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikwenda vyenyewe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na macho yakaenda kwenye saa. Kabla ya mkaguzi alikuwa na mapigo themanini kwa dakika. Sasa tisini na sita. Kliniki ile ilikuwa miaka tisa ya maisha yake, na sasa ilikuwa imening'inia kwenye hewa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mkaguzi. Kila siku saa kumi na nusu alasiri, kliniki ikiwa imefungwa, mashine imezimwa na kufunikwa kitambaa chake, moyo mmoja uliendelea kusikika jikoni, kwenye birika la umeme. Ulikuwa mdogo, wa utulivu, mia moja arobaini na nne kwa dakika. Haukuwa na jina wala wiki wala tarehe. Mkunga alipekua mafaili yote arobaini na moja, akalinganisha moja baada ya jingine. Haukuwa wa yeyote.

"Unausikia huo?" alimuuliza Dada, aliyekuwa akifuta meza.

"Nausikia, Mama. Huwa upo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

Dada akachukua birika, akamimina maji ya chai, akalirudisha. Moyo ukaendelea. Mkunga aliandika kwenye daftari lake neno moja, "mwangwi," akaweka alama ya kuuliza.

Dada alikuwa mfanyakazi wa nyumba ile kwa miaka kumi na minne. Mama mkwe alimwita Dada. Mwalimu alimwita Dada. Wifi, ambaye alikuwa dada wa mtu kwelikweli, naye alimwita Dada. Hakuwa ndugu wa yeyote kati yao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mpole, mwenye hatua zisizosikika, na daima alivaa aproni kubwa ya bluu ambayo mkunga mwenyewe alimpa ilipochakaa kliniki. Simu yake ndogo aliiweka kwenye mfuko wa mbele wa aproni, juu ya tumbo.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Muuzaji aliitwa Injinia na mtaa mzima, ingawa yeye mwenyewe alisema aliacha shule darasa la kumi kwa sababu ya baiskeli. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji.

"Natafuta wifi," mkunga alisema.

"Ya nyumbani au ya ofisini?"

"Wa nyumbani ninaye. Huyo ndiye aliyenileta hapa."

Injinia akacheka, kisha akaona mteja mwenyewe hacheki sana, akamvutia kiti. Alimuuliza makundi mangapi ya watu, simu ngapi, kuta za nyumba ni za matofali au za mbao. Mkunga alijibu kama anayehojiwa polisi. Injinia akapanga maboksi matatu juu ya kaunta.

"Hii ina antena nne. Watu wanaipenda kwa antena. Lakini mtandao ni mmoja tu, na ng'ombe hakamuliwi pembe." Akaisukuma pembeni. "Hii ya pili inakupa majina mawili, moja la mwenye nyumba na moja la wageni. Ila majina ni rangi ya mlango. Uingie wa kijani, uingie wa njano, sebule ni ile ile. Wa huku akipiga chafya, wa kule anamwombea afya."

"Mkaguzi amesema atajua."

"Atajua. Sasa hii ya tatu haina sura, naomba usiiangalie sura. Inabeba mitandao minne. Kila mmoja na neno lake la siri. Na ndani yake kuna mahali pa kuweka alama, pameandikwa 'tenga.' Ukishaweka alama, wa mtandao huu na wa mtandao ule hawaonani."

"Hawaonani kabisa?"

"Hawaonani, hawasikiani, hata wakikaa chumba kimoja. Ila wa wageni bado humwona na kumsikia mwenye nyumba."

"Na wakihitajiana?"

Injinia alibadilisha miwani, ya paji akaileta machoni. "Hilo, Mama, ruta haiulizi."

Mkunga alirudi nyumbani mikono mitupu. Aliogopa kukosea. Kesho yake alirudi akauliza kama umeme ukikatika ukuta unabaki, akaambiwa unabaki. Keshokutwa aliuliza kama mtu anaweza kuwa kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja, akaambiwa hapana, simu moja mtandao mmoja, lakini anaweza kuhama. Mara ya nne Injinia alikuwa ameshamwekea chai. Siku ya nane, Ijumaa, alibeba ile isiyo na sura akaipakata njia nzima kama mtoto wa kuazima.

Jumamosi, kliniki ikiwa imefungwa, familia ilikaa sebuleni baada ya chakula cha mchana, ruta ikiwa juu ya meza katikati yao na taa yake ndogo ikikonyeza. Mkunga alikuwa na kompyuta magotini. Aliandika majina matatu: KLINIKI, NYUMBANI, WAGENI. Akaweka alama kwenye "tenga" mara tatu. Kisha ruta ikataka kujua nani akae wapi.

Kliniki haikuleta mjadala. Kompyuta na mashine. Nyumbani, wakajitaja wao wenyewe: mama mkwe na televisheni yake, Mwalimu na kompyuta yake, Wifi na simu zake mbili, mkunga na simu yake.

"Na Dada?" mkunga aliuliza.

Wakatazamana.

"Dada si wa nyumbani?" Wifi alisema. "Mtu anafua hata nguo zangu za ndani."

"Wa nyumbani ni wa nyumbani," mama mkwe alisema, bila ukali. "Dada ana kwao."

"Hajaenda kwao tangu mwaka juzi, Mama," Mwalimu alisema.

"Kutokwenda si kutokuwa nako. Mweke kwa wageni. Wageni tunawaheshimu."

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada alipewa jembe siku aliyofika, na sasa, baada ya miaka kumi na minne, alifanywa mgeni. Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka mezani, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akampa mkunga kwa mikono miwili. Mkunga aliona aibu ikimpanda masikioni. Alifikiria kusema neno. Zilikuwa zimebaki siku tano, na mama mkwe alikuwa anamwangalia. Akaandika WAGENI, akaandika neno la siri, akabonyeza.

Moyo uliokuwa ukipiga jikoni kwenye birika ukanyamaza. Dada naye hakuwapo. Simu iliondoka mkononi mwa mkunga taratibu, vikombe vikajaa kimoja kimoja, na sinia likarudi jikoni.

"Asante, Dada," Mwalimu alisema kuelekea mlangoni, akachukua kikombe.

Juma lile lilipita vizuri. Sakafu ilifagiliwa. Vitanda vilitandikwa. Mama mkwe alisema nyumba imepata nafasi, kwamba sasa anaweza kuzungumza mambo yake bila kupunguza sauti. Mtu akitaka chumvi alisema chumvi, na chumvi ikaja. Wifi alizoea kuacha nguo chafu zikielea kidogo mbele yake, kwa sababu mikono iliyozipokea haikuonekana, akaendelea kusimulia habari za saluni, ambazo sasa zilikuwa za nywele tu. Kliniki nayo ilitulia. Mapigo yalikwenda kwenye kompyuta ya mezani na kukaa huko. Mkaguzi alipokuja Alhamisi alizunguka nyumba nzima, akafungua friji akasikiliza, akaketi mbele ya televisheni robo saa akatazama mpira.

"Mnaishi wangapi humu?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Wanne," mama mkwe alisema.

"Nani anapika?"

"Kunapikwa," Mwalimu alisema.

Mkaguzi akaandika. Alimpa mkunga cheti chenye muhuri, na chini yake mstari mmoja wa herufi ndogo: mabadiliko yoyote ya mtandao yatahitaji ukaguzi mpya.

Mkunga alikitundika ukutani akasubiri moyo wake ushuke. Haukushuka. Tisini na nane. Ule moyo wa kwenye birika haukuwa kwenye KLINIKI, maana alikagua. Haukuwa kwenye NYUMBANI, maana ulinyamaza. Uliobaki ni mtandao mmoja, na kwenye mtandao huo alimweka mtu mmoja kwa mkono wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuiuliza kata.

Ijumaa saa kumi na moja jioni alisimama kwenye mlango wa jikoni tupu, akatoa simu, akachagua WAGENI.

Jikoni kulikuwa na watu sita. Mlinzi wa nyumba ya mkabala alikuwa amekaa kwenye kizingiti na kofia yake gotini. Mzee mtunza bustani wa kwa wakili alikuwa akimenya viazi. Kulikuwa na yaya wa ghorofa ya pembeni, na dereva wa mtu, na mama mmoja mfuaji mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Nyumba nyingi za mtaa zilikuwa na ruta za aina ile, na kila nyumba ilikuwa na mtandao wake wa wageni. Kati ya mitandao hiyo ya wageni hapakuwa na ukuta. Hakuna aliyeona haja ya kuujenga.

Dada alikuwa ameketi katikati yao kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aproni ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, na bila aproni tumbo lake lilikuwa la miezi saba.

"Hodi," mkunga alisema, kwa sababu hakujua aseme nini.

"Karibu, Mama," wote wakajibu. Mzee wa bustani akanyanyuka akampisha kigoda. "Karibu, keti. Mgeni hasimami."

Akaketi. Yaya akampa chai. Mkunga aliangalia miguu ya Dada, ikiwa imevimba hadi kifundoni, na mkunga wa ndani yake akaamka.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama," Dada alisema taratibu. "Mwezi wa tatu nilikuambia asubuhi nasikia kichefuchefu. Ukanipa dawa ya minyoo."

Mkunga alikumbuka. Alikuwa akivaa viatu, alikuwa anachelewa. Alitoa kidonge kwenye droo bila kugeuka.

"Na mwenyewe anajua? Baba wa mtoto?"

"Anajua. Yuko na lori lake. Atakuja mwezi wa kumi na mbili, kama kawaida yake."

Mashine ya kliniki haikuweza kumwona Dada, wala Dada kuiona, kwa hiyo mkunga alileta vifaa vyake vya zamani: kipembe cha mti cha kusikilizia, kipimo cha presha cha kubonyeza kwa mkono, na utepe. Wanaume wakageukia ukutani. Alipiga magoti kwenye sakafu ambayo hakuwahi kuipigia magoti, akaweka sikio kwenye kipembe. Mia moja arobaini na nne. Mtoto alikuwa mzima. Mama yake ndiye aliyekuwa na tatizo: presha mia moja arobaini na tano kwa tisini na tano.

Alifungua faili jipya, la arobaini na mbili. Kwenye mstari wa kwanza kalamu ilisimama.

"Jina lako kamili?"

Dada akalitaja. Lilikuwa jina refu, zuri, la sehemu tatu. Mkunga aliliandika, akauliza herufi moja kama ni S au Z, akarekebisha. Hakuthubutu kuinua macho.

"Unatakiwa upumzike," alisema. "Usibebe ndoo. Usisimame muda mrefu. Na utajifungulia hospitali, si vinginevyo."

Mama mfuaji akacheka kidogo, bila ubaya, akaficha mdomo.

"Nikienda hospitali nani atapika?" Dada aliuliza.

"Tutaona," mkunga alisema.

Usiku huo mezani aliwaeleza wenzake. Alisema Dada ana mimba, presha iko juu, inafaa ahamishiwe NYUMBANI leo leo ili aonekane akizidiwa, na kazi wagawane. Aliongea haraka, kama mumewe anapofundisha.

"Maskini," Wifi alisema, na machozi yakamlengalenga kwelikweli. "Lakini mimi nashinda saluni, Wifi. Nitagawana saa ngapi?"

"Mtoto analia," mama mkwe alisema. "Mimi dawa zangu zinataka utulivu. Huko aliko akilia hatasikika, si ni heri kwake pia? Hatamwonea mtu haya."

"Na cheti?" Mwalimu aliuliza. "Ukimhamisha, mkaguzi anarudi. Akirudi akakuta watano, na tulisema wanne?"

Wakamwangalia. Neno la siri la ruta alikuwa nalo yeye peke yake. Ingemchukua nusu dakika. Mkunga alifikiria mlango wa mbele ukifungwa, na karani wa posta, na mafaili yale yote. Vidole vikaenda kwenye kifundo cha mkono.

"Akishajifungua," alisema. "Akishajifungua nitambadilisha."

"Hapo sawa," mama mkwe alisema. "Dada, chumvi."

Chumvi ikaja.

Kwa wiki nane mkunga alihamia WAGENI kila siku saa kumi na moja jioni, kwa robo saa. Alipima presha, alitoa vidonge, alisikiliza kwa kipembe. Aliwazoea watu wa jikoni, nao walimpisha kigoda kila mara na kumwambia karibu, kiasi kwamba alianza kuona haya kuja bila kitu, akawa anakuja na sukari. Kazi waligawana wao kwa wao. Mlinzi alibeba ndoo. Mfuaji alifua. Mzee wa bustani alipika, na upande wa NYUMBANI hakuna aliyejua kwamba chakula kimebadilika mkono. Presha ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mkunga alikuwa ameshaagana na gari la wagonjwa na kubandika namba yake ukutani. Asubuhi alikuwa na wateja, na kwa wateja alihitaji kuwa upande ule mwingine. Kwa hiyo asubuhi aliogopa tu.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi walikuja wateja sita mfululizo. Wa nne alikuwa na mapacha walioshikana mikono, akachukua muda. Saa saba mkunga alinawa, akapita mlango wa mbao, akakuta chakula mezani kama siku zote: viazi, mboga, maji kwenye jagi.

"Leo Dada amezidisha chumvi," mama mkwe alisema.

"Na uma zimekaa kushoto," Wifi alisema.

Mwalimu alikuwa akila. Mkunga aliweka kijiko chini. Hakuhitaji kujipima. Aliusikia moyo wake mwenyewe masikioni. Alitoa simu chini ya meza, akachagua WAGENI, akatoka mbio, na hakuna aliyeinua kichwa, kwa sababu hakuna aliyemwona akiondoka.

Godoro lilikuwa limetandikwa kati ya friji na ukuta. Dada alikuwa amelala juu yake, uso umelowa, macho yamefumbwa. Pembeni yake, ndani ya shuka la kliniki, alikuwapo mtoto wa kike. Mama mfuaji alikuwa akinawa mikono hadi kwenye viwiko.

"Saa sita na nusu," alisema. "Alitanguliza kichwa. Kondo limetoka lote, nimelihifadhi ulitazame. Amelia vizuri."

"Mbona hamkuniita?"

Mlinzi aliangalia kofia yake. Aliyejibu alikuwa Dada, bila kufumbua macho.

"Nilikuita, Mama. Mara tatu, mlango ukiwa wazi. Ulikuwa unapima mtu."

Mkunga akapiga magoti. Alitazama kondo, lilikuwa zima. Alibonyeza tumbo, lilikuwa gumu kama inavyotakiwa. Presha mia moja thelathini kwa themanini na tano. Kitovu kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko ambavyo yeye mwenyewe angefunga. Mtoto walimpima kwenye mizani ya unga, kilo mbili na gramu mia nane. Hapakuwa na kazi ya mkunga iliyobaki. Aliandika kwenye faili yote hayo, na saa, na jina la mama mfuaji, ambalo ilibidi aliulize.

"Sasa nitakubadilisha," alimwambia Dada. "Kama nilivyoahidi. Wewe na mtoto."

Dada alifumbua macho akamtazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza atakachokuwa akikua.

"Ukaguzi utachukua siku ngapi?"

"Sijui. Wiki. Labda mbili."

"Na hizo wiki kliniki itafungwa?"

Simu ilikuwa mkononi mwa mkunga, ya moto.

"Basi acha kwanza, Mama. Ukiamua, umeamua. Lakini usiahidi tena."

Kutoka mezani sauti ya mama mkwe ikaja, ya kawaida, isiyo na haraka.

"Dada, maji ya dawa."

Dada akaanza kuinuka. Ilikuwa tabia ya mwili tu. Mkono ulishashika ukingo wa friji.

"Lala," mkunga alisema.

Akachukua glasi, akaijaza maji ya uvuguvugu, akaipeleka. Alisimama mbele ya mama mkwe wake kwa urefu wake wote, na doa la damu kwenye mkono wa koti lake jeupe, akamnyooshea glasi. Mama mkwe alikuwa akihesabu vidonge kwenye kiganja. Akanyoosha mkono bila kuangalia, akapokea.

"Mama," mkunga alisema.

Mama mkwe akameza kidonge cha kwanza.

"Mama, ni mimi."

Akameza cha pili, akamaliza maji, akaiinua glasi tupu hewani ichukuliwe. Mkunga akaichukua. Mwalimu, mume wake wa miaka kumi na saba, akasogeza sahani yake ukingoni mwa meza, na Wifi akaweka yake juu yake, na uma zote mbili, akaendelea kumweleza kaka yake habari ya mteja aliyetaka kukatwa nywele zote. Mkunga alisubiri kidogo. Kisha akazibeba sahani, akarudi jikoni.

Huko walimpokea mzigo. Mzee wa bustani akamwambia pole, akampisha kigoda. Lakini mbele ya nyumba mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa, na mteja wa saa nane alikuwa akisafisha koo kwenye chumba cha kungojea. Mkunga alibadilisha koti. Alimfunika mtoto vizuri, akasema atarudi saa kumi na moja, nao wakasema karibu sana. Akachagua NYUMBANI. Jikoni pakawa hapana mtu, ila sufuria ya maji iliyokuwa ikichemka kwa nguvu na kumwagika pembeni. Akapunguza moto, akaenda kumfungulia mteja.